Fimbo ya Nahodha

Ildephonse alifagia ukumbi ule wa michezo, huko ugenini, miaka sita kabla mtu yeyote hajauliza mikono yake inajua nini kingine. Siku hiyo Darcy, nahodha wa timu mpya ya lakrosi ya kulipwa, alikuwa akihangaika na fimbo yake. Lakrosi ya ndani huchezwa kwenye uwanja uliozungushiwa mbao, na fimbo ya kila mchezaji ina kikapu cha wavu cha kudakia na kurushia mpira. Wavu wa Darcy ulikuwa umekatika. Ildephonse, aliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma akifuma nyavu za magoli kwa nyuzi za magunia, aliuchukua akaufuma upya palepale, akiwa amesimama.

Kufikia mechi ya tatu timu nzima ilikuwa ikimletea fimbo. Wakampa meza yake, wakampa jaketi lenye nembo ya timu, wakamwita Papa, yaani baba. Alilivaa jaketi lile hadi kanisani, na nani angemlaumu?

Asubuhi ya fainali Darcy alimfuata mezani. "Ongeza kina, Papa. Mpira unanitoka."

Ildephonse alimwonya kwamba wavu wenye kina kupita kiasi hunasa mpira, na refa akiupima ni kosa. Darcy akasema lawama ataibeba mwenyewe. Basi Ildephonse akalegeza nyuzi. Hilo alilifanya, wala hajawahi kulikana.

Darcy alifunga bao la ushindi. Wapinzani wakadai fimbo ipimwe. Refa akaweka mpira kikapuni, akaigeuza fimbo juu chini. Mpira ukang'ang'ania ndani. Bao likafutwa, kombe likaondoka na wengine.

Jumatatu meneja aliwaita ofisini, akauliza nani alifuma wavu ule. Darcy alitazama viatu vyake. "Fimbo zote anafuma yeye," akasema.

Ildephonse alinyamaza. Kwao Burundi mtu mzima hamuumbui kijana mbele ya watu. Kijana mwenyewe ndiye huja nyumbani baadaye, na kinywaji mkononi, akaomba radhi. Kisha huenda wote wawili kunyoosha maneno yaliyopindishwa. Ildephonse akapokonywa meza, akarudishiwa ufagio, naye akangoja. Kila Jumamosi alivaa shati lililopigwa pasi, akaketi sebuleni kwake Guildford akisikiliza mlango.

"Dad, just tell them," binti yake Bénie alimwambia.

"Atakuja. Yule kijana, petit yule, ana respect."

Heshima gani! Wiki ya kumi na moja Darcy alikuja kweli, amekumbatia fimbo nne. Hakuleta hata soda, wala neno la radhi. Fundi mpya hafai kitu, alisema. Je, Papa angemfumia hapa nyumbani, kimyakimya, mtu asijue? Ildephonse alimfungulia mlango atoke. Moyo ulimuuma, na aliyemchukia zaidi saa ile alikuwa yeye mwenyewe, kwa Jumamosi zote zile.

Kesho yake alikwenda kwa meneja, akasema yote tangu asubuhi ya fainali.

Meneja hakuondoa macho kwenye kompyuta. "Tulijua, rafiki yangu. Tulijua siku ileile. Lakini wewe hukusema kitu, tukaona huna neno."

Kisha akauliza kama vyoo vya juu vimeshaoshwa. Ildephonse alijibu kuwa bado, akaenda kuviosha.