Bati Alilonifungia Akinyi

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikimwona kijana ameshika bisibisi, nayo ni siku niliyoona haya kufungua bati. Vuta stuli ukae, kahawa yenyewe bado ya moto.

Nilikuwa msichana wa mtaa wa Majengo, nikifanya kazi katika kibanda cha kukaanga kahawa nyuma ya soko la Gikomba. Mashine yetu ilikuwa ya kizamani: pipa la chuma linalozungushwa na mota juu ya moto, na ubavuni limezibwa kwa mabati yaliyofungwa kwa skrubu. Kahawa ikikaangwa hutoa makapi mepesi, na makapi hayo hupenda kujificha nyuma ya mabati. Yakirundikana, yanashika moto. Kwa hiyo kila baada ya muda tulizima umeme, tukafungua mabati, tukasafisha, tukafunga tena. Ilikuwa kazi chafu, lakini niliipenda, maana hakuna aliyenisumbua nikiifanya.

Rafiki yangu Akinyi ndiye aliyechota kahawa iliyoiva. Alisimama ubavuni hapo hapo, mkono mmoja ameuegemeza kwenye bati, hata tukawa tunamtania kwamba ameolewa na mashine. Akinyi angekuvulia sweta yake ukimwambia unahisi baridi. Lakini akinuna, alinuna kwelikweli.

Siku hiyo nilikuwa nimefungua bati la upande wa mota. Nikachomoa waya wa feni inayopuliza makapi nipate kusafisha vizuri, nikauacha unaning'inia. Kabla sijaurudisha, jirani akaja mbio kuniambia mama ameanguka sokoni Kariokor. Nikatupa kila kitu nikakimbia, wala sikumwambia mtu neno. Mama hakuwa ameumia sana, Mungu ni mwema. Niliporudi, nilikuta bati limeshafungwa, skrubu zote zimekazwa, na limepanguswa likang'aa. Akinyi alikuwa amenifungia ili nisije nikagombezwa. Nilimkumbatia.

Halafu nikakumbuka ule waya. Labda aliurudisha, nikajiambia. Labda hata hakuuona. Lakini kumuuliza nilishindwa, maana ningeanzaje kumwonyesha mtu aliyenisitiri kwamba nina shaka na kazi yake? Basi, ujana ulivyo, nikaenda kushika swichi huku nikimwomba Mungu.

Fundi wetu, Mzee Wanyama, aliyezeekea kwenye karakana za reli, alikuwa ameniona nikisitasita. Akaja akasimama kati yangu na swichi.

"Wewe ndiye ulifungua?"

Nikasema ndiyo.

"Na umeona kwa macho yako vile kumefungwa ndani?"

Nikageuka kulitazama bati. Akateremsha sauti ili wengine wasisikie. "Mficha uchi hazai, msichana wangu. Unaogopa rafiki yako atanuna, na si wewe utasimama hapo, ni yeye. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Fungua."

Nikachukua bisibisi. Akinyi aliponiona aliacha kufagia. "Kwani nimefunga vibaya?" akaniuliza mbele ya watu wote. "Si ungesema tu hutaki kusaidiwa." Maneno yale yaliniuma, na machozi yakanilengalenga, lakini niliendelea kufungua skrubu moja baada ya nyingine.

Bati lilipotoka, tuliuona waya umebanwa kati ya bati na fremu, ncha yake tupu imegusa chuma. Ningewasha ile swichi, umeme ungeingia kwenye bati zima, na Akinyi angeliegemea kama kawaida yake. Nilimpenda sana yule dada, na nilikuwa karibu kumuua kwa sababu ya adabu.

Akinyi aliutazama waya, akaketi juu ya gunia. Kisha akasema, "Wewe, ungeniuliza tu. Kununa kwangu huisha jioni."

Mwanangu, ukifungua kitu, usiondoke kabla hujasema umekiacha vipi, hata kama dunia inaanguka nje. Na mwenzako akikufungia, hata akiwa wa tumbo moja nawe, mshukuru kwanza, kisha fungua ujionee. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami naongeza kwamba si dharau pia. Sisi wa mitaa hii tumelelewa kusitiriana, na ni malezi mema, usiyaache. Ila haya ikikufunga mdomo, huyo unayeogopa kumuudhi ndiye utakayemzika. Rafiki aliyenuna utampikia chai mtapatana.

Haya, nenda kazini. Mungu akupe marafiki wa kukufungia bati siku ya dharura, na akupe moyo wa kulifungua tena mbele ya macho yao.