Mdahalo wa Ng'ombe na Shule

Enzi zetu, pale Mpanda, Kiingereza kilikuwa kinakuja Ijumaa. Siku nyingine kilikaa ndani ya vitabu, na vitabu vilikaa kabatini kwa sababu kimoja kilisomwa na dawati zima na kila mtu alikuwa na mwendo wake. Lakini Ijumaa, baada ya kipindi cha mwisho, rimu ya gari iliyoning'inizwa nje ya ofisi iligongwa, tukabeba madawati kwenda bwaloni, na kuanzia hapo ole wake aombaye maji kwa Kiswahili. Nyie mliosoma sekondari miaka hiyo ya tisini mnakumbuka. Watu walivumilia kiu, wengine walivumilia na mengine, mpaka mdahalo uishe.

Mimi sikuwa msemaji. Mimi nilikuwa mtu wa nyumbani, na nimebaki hivyo hivyo. Hata leo nikimsindikiza mgeni stesheni, treni haijapiga honi nimeshaanza kulikumbuka jiko langu. Mama aliniita Kufuli, kwa kuwa nikiwepo mlango wetu haukuhitaji jingine. "Huyu ukimtuma chumvi anaaga kama anakwenda Ulaya," aliwaambia majirani, na majirani wakawaambia watoto wao, na watoto wao nilikuwa nasoma nao.

Kukaa kwangu nyumbani kulikuwa na faida moja. Tulipoingia kidato cha nne na kila mtu akawa anatafuta wenzake wa diskasheni, barazani kwetu ndipo palipopendwa, maana mwenyeji hakosekani. Tulikaa kwenye mkeka, mitihani ya miaka ya nyuma katikati yetu, mihogo ya kuchemsha upande huu, karanga upande ule. Mama alipita na ungo, akatazama maganda, akasema, "Hiki Kiingereza chenu kinakula sana karanga," kisha akaenda kuongeza nyingine. Jioni harufu ya samaki, migebuka iliyoletwa kutoka Karema ziwani, ilipoanza kutoka jikoni, hakuna aliyekumbuka tena wakati uliopita wala ujao.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Kalinga, alikuwa na njia zake. Gazeti lilipofika Mpanda lilikuwa limeshafungia maandazi mahali fulani, basi yeye alilinunua pamoja na maandazi, akala, akalianika juani mafuta yakauke, akatupa tulisome kama zoezi la ufahamu. Nusu ya habari ilikuwa imemezwa na mafuta, tukajaza wenyewe. Mpaka leo kuna daraja moja sijui kama lilifunguliwa au lilianguka.

Njia yake nyingine ilikuwa kura. Kwenye mdahalo hukuchagua upande. Mwalimu alivua kofia yake, akaweka vikaratasi ndani, ukaokota, na ulichookota ndicho ulichotetea. Ukilalamika alikujibu kwa upole kuwa mtihani wa taifa hautakuja kukuuliza unapenda nini.

Sasa, mwenzetu mmoja wa barazani alikuwa Maduhu. Baba yake, Mzee Ngassa, alikuwa ameshuka na ng'ombe kutoka Usukumani miaka mingi nyuma, akajenga kijijini Mwamkulu. Mwaka ule nyasi zilikuwa haba, na mzee alikuwa ameamua kuwasogeza ng'ombe kusini mwezi wa kumi. Kaka mkubwa alikuwa ameoa na kuhama, kwa hiyo wa kwenda nao alikuwa Maduhu. Mtihani ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Maduhu alikuwa ameomba, shangazi alikuwa ameomba, mwishowe mzee akakubali jambo moja tu: Mwalimu Kalinga alikuwa amewaalika wazazi kwenye mdahalo wa mwisho kabla ya mtihani, basi yeye atakuja, atasikiliza hicho mwanawe alichokuwa anafundishwa, halafu atasema kama inafaa kuungojea mtihani.

Mada ilikuwa ng'ombe ni bora kuliko elimu. Maduhu aliweka mkono kwenye ile kofia huku midomo ikisali. Akatoka na ng'ombe.

Alimfuata mwalimu akaomba abadilishane na Jenoveva, msichana wa Mishamo aliyekuwa ameokota elimu. Mwalimu akamwuliza kama kwenye chumba cha mtihani atabadilishana karatasi na jirani. Habari ikaishia hapo.

Kilichonishangaza mimi ni wiki zilizofuata. Nilidhani Maduhu atatetea ng'ombe kwa kulegea, akibabaika makusudi, ili baba aone shule imeshinda. Wapi. Kila Jumatatu alikuja barazani na pointi mpya kutoka zizini, na alizipanga kwa Kiingereza kizuri kuliko chochote alichowahi kuandika. Nilimwuliza, wewe Maduhu, unachimba kaburi lako mwenyewe? Kwa nini usiharibu kidogo tu?

"Baba hajui Kiingereza," aliniambia, "lakini mtu anayemsema ng'ombe vibaya anamjua hata kwa sauti."

Siku ikafika. Bwalo lilijaa, wazazi wakawekwa mbele kwenye mabenchi, na kwa kuwa wengi wao Kiingereza hawakujua, mwalimu aligawa wakalimani miongoni mwa sisi tusiohutubia. Mimi koo langu lilikuwa linauma kila Ijumaa tangu kidato cha pili. Mwalimu alinitazama, akasema koo linalouma kuhutubia haliwezi, ila kunong'ona litaweza, akanikalisha kando ya Mzee Ngassa. Nikamwamkia. Akaitikia, akaweka fimbo katikati ya magoti, akaniambia, "Haya binti, niletee maneno."

Maduhu alisimama wa kwanza. Mwanzo nilitafsiri kwa uaminifu mkubwa, maana zilikuwa salamu: mheshimiwa mwenyekiti, mtunza muda, mabibi na mabwana. Alipoingia kwenye mada yakanipata mawili kwa pamoja. Kiingereza chake kilikuwa kinakimbia kuliko masikio yangu, na hata kile nilichokidaka nilikiona hakifai kumfikia mzee huyu. Nikaanza kunong'ona yale ambayo kila mtu husema kuhusu shule. Anasema shule inaleta madaktari, mzee. Anasema inaleta barabara. Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, nami nikaona ukalimani ni kazi rahisi, ningeweza hata kuajiriwa.

Ndipo kule mbele Maduhu akamtaja Kabula. Kisha akamtaja tena, kwa sauti ya mtu anayemsifia dada yake. Kabula alikuwa ng'ombe wa maziwa wa kwao, na barazani kwetu tulimjua kama tunavyomjua jirani. Mzee hakugeuka mara moja. Aliendelea kutazama mbele, akaniinamia kidogo.

"Binti. Na huyo Kabula yuko kidato cha ngapi?"

Nikamweleza yote. Kofia, vikaratasi, mwalimu aliyekataa kubadilisha. Nilijieleza mpaka jasho likanitoka, nikingoja asimame aondoke na mwanawe pale pale. Hakusimama. Alikuwa ameanza kuuliza maswali, tena mfululizo, kwa udadisi wa mtoto aliyeona redio imefunguliwa nyuma. Kwa hiyo mwalimu ndiye anayempa mtu cha kutetea? Na hata kama hakipendi atakitetea vizuri? Na yule binti atakayesemea shule, mwenyewe angependa nini? Nikamwambia ukweli, kwamba Jenoveva aliwahi kusema barazani kwetu angetoa madaftari yake yote apate ng'ombe mmoja wa kukamua. Mzee alicheka kwa mabega tu.

"Basi hapa kila mtu kavaa nguo za mwenzake," akasema. Halafu akaniuliza, "Na ukishajua kuvaa za mwenzako, unapata nini?"

Nilikuwa nimesoma miaka minne na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilisema sijui, mzee. Akasema haya, sasa tafsiri vizuri.

Nikatafsiri, nikikosa hapa na pale lakini bila kuongeza kitu. Maduhu alisema ng'ombe hakuulizi ulipata daraja gani, anakufuata hata kama umefeli. Alisema ng'ombe ndiye aliyewapa watu wa kwao sababu ya kufika Mpanda na kukutana na watu wa kila lugha. Alieleza namna baba yake anavyosimama asubuhi mbele ya zizi na kujua nani kalala vibaya kabla hajahesabu. Mzee Ngassa aliacha kunitazama mimi akawa anamtazama mwanawe, na sidhani kama hapo alihitaji tena mkalimani.

Jenoveva naye akasema ya shule, akapigiwa madawati. Ukafika wakati wa maswali kutoka ukumbini. Fimbo ya mzee ikanyanyuka. Mwenyekiti akamtazama mwalimu, mwalimu akakubali, mradi swali lisemwe kwa Kiingereza. Kumbe kazi ya kulisema ilikuwa yangu.

"Muulize," mzee aliniambia, "haya aliyoyasema, anayaamini?"

Nikasimama. Mimi Kufuli, mwenye koo la Ijumaa, nikasimama mbele ya bwalo zima na kusema sentensi yangu ya kwanza ya mdahalo ikiwa imebaki miezi michache nimalize shule. Maneno yalitoka. Maduhu alinitazama, kisha akamtazama baba yake. Sisi wa barazani tulijua alivyobanwa. Akisema anayaamini, mwezi wa kumi yuko kusini na fimbo. Akisema hayaamini, amewakana ng'ombe wa baba yake mbele ya watu.

Mtunza muda akaanza kuelekea mlangoni, akagonge ile rimu. Ndipo Maduhu akajibu taratibu, sentensi fupi fupi, nikaona kabisa ananichagulia maneno nitakayoyaweza.

"Mzee," nikatafsiri, "anasema mtetezi haruhusiwi kujibu swali hilo. Anasema umuulize baada ya mtihani."

Bwalo liligonga madawati kwa sababu liliona jibu lina ujanja. Mzee Ngassa hakugonga kitu. Aliipitisha mikono juu ya fimbo, chini, juu tena, akitazama sakafu.

"Mwambie nitangoja," akasema.

Nani alipewa ushindi, wala sikumbuki. Ninachokumbuka ni mwezi wa kumi kuingia na ng'ombe wa Mzee Ngassa wakiwa bado Mwamkulu. Aliwachunga mwenyewe, mtu mzima yule, akiwapeleka mbali zaidi kila siku kutafuta majani, na wenzake waliokwisha kuondoka walimtumia salamu za kumcheka. Maduhu alifanya karatasi zote. Siku ya mwisho tulipotoka, tukiwa tumejaa wino na furaha ya wehu, mzee alikuwa amesimama nje ya uzio. Hakumpongeza mwanawe wala kumwuliza mtihani ulikuwaje. Waliamkiana, wakashika njia ya Mwamkulu, na hawajafika mbali nikaona mzee amesimama, amegeuka, anasema kitu. Maduhu akajibu. Walizungumza Kisukuma, na mimi hata wangesema Kiswahili nisingewasikia, maana nilikuwa nimeshaanza kuelekea nyumbani.

Sasa hivi nina mpwa wangu kidato cha nne, hapa hapa barazani, na Kiingereza hakimjii Ijumaa, kinamjia kila dakika kupitia simu. Nikimwuliza swali, simu inalijibu sijamaliza kuuliza. Pande zote mbili za mdahalo anazipata kabla maji ya chai hayajachemka, na zote amezikubali, na zote kesho amezisahau. Anaongea vizuri kuliko sisi, sikatai. Tulipokuwa sisi tunatetemeka kwenye salamu, yeye salamu haisemi kabisa.

Lakini nikimwona anavyokasirika mtandao ukikawia kidogo tu, namkumbuka Mzee Ngassa na ng'ombe wake wakizunguka kwenye nyasi zilizokwisha, wiki baada ya wiki, jua la Oktoba kichwani, kwa sababu kuna swali alilouliza na alitaka kulisikia jibu lake kutoka kwenye mdomo wa mwanawe. Sijawahi kujua aliambiwa nini. Ninajua tu kwamba alingoja.