Mchoraji aliyeletewa maji kwenye glasi nyumbani kwao

Saa tatu asubuhi ya Jumamosi, Yasmin Kitwana anachovya brashi pana ya kupakia ukuta kwenye ndoo ya rangi nyeupe. Mbele yake, uani nyuma ya nyumba ndogo ya sanaa iliyo ufukweni Bagamoyo, imesimama picha aliyoichora mwenyewe kwa wiki tatu.

“Geuka kwanza, kaka,” anamwambia mwandishi wa makala haya.

Mwandishi anageuka na kutazama nguo zilizoanikwa kwa jirani. Nyuma yake brashi inapanda na kushuka. Anaporuhusiwa kutazama tena, picha haipo. Limebaki turubai jeupe linalochuruzika rangi kwenye mchanga.

“Hii ya tatu,” anasema Yasmin. “Imebaki moja, na hiyo siwezi kuifikia.”

Yasmin, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, anaishi Kwa Mathias, Kibaha. Siku za kazi huandika majina ya maduka na saluni. Ukipita pale stendi ukaona kibanda cha chipsi kimechorwa kuku anayetazama watu kwa dharau, huyo kuku ni wake. Kibanda kimoja humpa shilingi elfu thelathini, na wiki nyingine hapati hata kimoja.

Miaka miwili iliyopita alianza kupeleka picha zake Bagamoyo kila Jumamosi, kwa basi la Mlandizi linalopita Makofia. Pale wapo wachoraji wanne, na hakuna anayefanana na mwenzake.

Onesmo huchora wanyama kwa rangi ya mafuta inayong'aa kama baiskeli mpya, twiga wake wana madoa mpaka kwenye kope. Stellamaris, karani wa ofisi moja Kibaha, hatumii brashi kabisa. Hupaka rangi kwa kisu, na ukiisogelea picha yake huoni kitu, lakini ukirudi nyuma hatua tano unaona wanawake wa sokoni wakigombea nyanya. Abdulwahab ni mtu wa batiki, nta na vitambaa, na vidole vyake havijawahi kuwa na rangi moja.

Yasmin alichora mikorosho ya kwao Kisarawe. Kwa miezi minane hakuuza hata mkorosho mmoja.

Nyumba ile ina utaratibu wake. Mchoraji husimama kando ya picha yake na kumsimulia mgeni. Ponsiano, msimamizi wa nyumba, amelisema hilo mara nyingi hadi wenzake humwigiza: “Picha haijiuzi, jamani, inauzwa na mdomo.”

Mdomo ndio uliomponza Yasmin.

Ilianza na mgeni mmoja aliyemuuliza kwao ni wapi, na huko kwao kuna nini. Yasmin akamtajia mwana hiti, yule mtoto wa mti asiye na mikono wala miguu, anayekabidhiwa mwali wa Kizaramo anapowekwa ndani. Mgeni akavuta kiti. Miezi yote minane hakuna mtu aliyewahi kuvuta kiti amsikilize Yasmin.

Wiki hiyo hiyo akaiacha mikorosho. Akachora chumba cha mwali, akachora na yanayofanyika humo. Picha nne. Ya kwanza iliondoka kwa laki tatu na nusu.

“Nilijua ninachofanya, nisikudanganye,” anasema, huku akisugua rangi kwenye kucha. “Ya ndani hayatoki nje. Niliambiwa hivyo siku ya kwanza na siku ya mwisho. Nikajiambia, hawa ni wageni, watapanda ndege waondoke nayo. Nani atajua?”

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, wageni wakamuuliza nyimbo za huko ndani zinaimbwaje. Akaimba. Mmoja wao alikuwa na simu mkononi.

Video ilikuwa ya sekunde arobaini tu. Kabla ya wiki kwisha ilikuwa imefika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kaka yake Yasmin, Seif, akampelekea Bi Mwanakheri simu akamwonyesha. Bi Mwanakheri ni somo wa Yasmin, mama aliyekaa naye ndani alipokuwa mwali, akamfunda, akamtoa nje mbele za watu akiwa mtu mzima. Wimbo ule ni yeye aliyemfundisha Yasmin.

“Seif aliniambia somo hakulia, hakufoka,” anakumbuka Yasmin. “Alisema tu, ‘Yasmin amenivua nguo.’ Kisha akairudisha simu.”

Hapa mwandishi naye ana la kukiri. Safari yake ya Bagamoyo ilianzia kwenye video hiyo hiyo, na alikuwa ameitazama mara tatu kabla hajajua anatazama nini. Alipomweleza Yasmin, Yasmin hakukasirika. Aliinamisha uso tu, na mwandishi akainamisha wake.

Juni, Yasmin alikodi bodaboda kutoka Mlandizi, akashika njia ya vumbi ya Mzenga hadi kijijini kwao, mbele ya Maneromango. Bi Mwanakheri alikuwa ukumbini anachambua mchele.

“Shikamoo, somo.”

“Marahaba. Karibu.”

Akatandikiwa mkeka mpya. Kisha akaletewa maji kwenye glasi, glasi juu ya sahani.

Msomaji asiyetoka huko anaweza kuona ni heshima. Kwa Yasmin ilikuwa kinyume. Nyumba ile ameingia na kutoka tangu utotoni, maji huchota mwenyewe mtungini. Hajawahi kunywea glasi. Glasi ni ya wageni.

“Wangenitukana ningepata pa kuanzia,” anasema. “Nilikunywa yale maji yote. Nilitamani ardhi ipasuke.”

Pale pale akaambiwa na lingine. Binti wa Seif amemaliza shule, na Desemba atatolewa nje kwa ngoma. Yasmin ndiye aliyekuwa awe somo wake, waliahidiana tangu mtoto anatambaa. Sasa kazi hiyo amepewa mwingine. Kuhusu yeye mwenyewe kuhudhuria, hakuna aliyesema aje wala asije.

Alirudi Kibaha, akaanza kuzitafuta picha. Moja ilikuwa imenunuliwa na mtumishi wa ofisi moja mjini humo. Yasmin alimfuata na bahasha ya fedha mkononi. “Aliponisikiliza akaitoa ukutani mwenyewe. Akasema, ‘Dada, ningejua nisingeining'iniza mbele ya wanangu.’ Fedha akazikataa. Nilitoka pale nikiwa na aibu maradufu.”

Nyingine mbili zilikuwa bado Bagamoyo. Ile ya kwanza ilishapanda ndege, na hata jina la mnunuzi hakuna anayelikumbuka. Video nayo bado inazunguka.

Ponsiano hakufurahi. Picha aliyoipaka nyeupe asubuhi hii ilikuwa na mteja aliyekuwa tayari kutoa laki nne, na nyumba huchukua theluthi ya kila mauzo.

“Dada yangu, si ungeniachia hii moja?” anasema, akilitazama turubai kwa huzuni ya kweli. “Ningeiuza mbali sana. Hata Kisarawe wasingejua.”

“Hivyo ndivyo nilivyosema mimi, Ponsiano.”

Onesmo, kwenye pembe yake, anacheka kidogo. “Ndiyo maana mimi nachora twiga. Twiga hana somo.”

Yasmin anacheka naye, cheko fupi, kisha anarudi kwenye turubai. Likikauka atachora mikorosho tena, anasema. Atasimama kando yake kama utaratibu unavyotaka, na mgeni akimuuliza kwao kuna nini, atamwambia kuna korosho.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mara ya pili alipokwenda Kisarawe, mwezi wa nane, Yasmin aliletewa glasi tena. Alirudi mara ya tatu wiki iliyopita, na safari hii akasalimia, akajibiwa, akakaa chini. Mkeka haukutandikwa. Maji hayakuja.

“Nikasubiri. Jua kali, koo limekauka. Nikajiambia, leo hata ugeni nimenyimwa. Nikainuka, nikaenda mtungini, nikachota kwa kata, nikanywa nimewapa mgongo. Nilikuwa naogopa kugeuka.”

Alipogeuka, Bi Mwanakheri alikuwa bado na ungo wake, macho kwenye mchele.

“Akaniambia, ‘Desemba muhogo utakuwa mwingi. Njoo na kisu chako, vya hapa butu.’”

Hakuambiwa ataingia ndani, na yeye hakuuliza. Wamenyaji wa muhogo wa ngoma hukaa nyuma ya jiko, hatua chache kutoka chumba cha mwali, na kutoka hapo kila kitu husikika.

Kisu ameshakinunua Kwa Mathias. Anakitoa mfukoni, kimefungwa kwenye gazeti, anakionyesha kwa uangalifu ambao hakuuonyesha kwa picha yake asubuhi hii.

“Wataimba ule wimbo,” anasema. “Nitausikia wote, mwanzo mpaka mwisho. Na mimi nitamenya muhogo.”