Magoti ya Polikarpo

Kabla mapadre hawajampa jina hilo, Polikarpo alikuwa mkimbiaji wa mjomba wake, Matimbwa. Habari ya kwenda Kiberege aliibeba yeye, na kwenye mbio za baada ya mavuno wenzake waligombea nafasi ya pili tu. Mjomba ndiye aliyemlea na kumfundisha kukimbia, akajivuna naye mpaka watu wakachoka kumsikiliza.

Mwaka wa Maji Maji kijana alirefuka ghafla kama mtama uliopata mvua. Magoti yakaanza kumuuma. Chini ya kila goti kikaota kinundu kigumu, na akipiga magoti machozi yanamtoka. Hakuna aliyemwambia apumzike.

Mjomba ndiye aliyegawa dawa ya vita kijijini. Aliwanyunyizia wanaume maji, akawapa mwiko: asilale mtu na mwanamke mpaka vita viishe, la sivyo risasi za Wajerumani zitapenya. Polikarpo naye alinyunyiziwa. Lakini siku ya kwenda kushambulia boma la Mahenge alichechemea njiani, wenzake wakamwacha, akarudi nyumbani akijikongoja kwa fimbo.

Waliorudi kutoka Mahenge walikuwa wachache. Wajane wakajaa uani kwa Matimbwa, wakiuliza ni dawa gani hiyo iliyowaponza waume zao. Hapo mzee yule, Mungu amsamehe maana mimi siwezi, akamvuta mpwa wake mbele za watu akayaonyesha yale magoti.

"Huyu hapa! Amevunja mwiko. Dawa imemkamata magotini, wengine wakafa kwa sababu yake."

"Mjomba, sijamgusa mwanamke yeyote! Wewe si unanijua?"

Matimbwa akatazama pembeni. Kikulacho ki nguoni mwako. Kijana alifukuzwa kwa mawe, na mama yake mzazi amesimama mlangoni, kimya.

Mapadre walimwokota wakati wa njaa iliyofuata vita. Alipoacha kurefuka, maumivu yaliondoka yenyewe, bila dawa ya mtu; vinundu vikabaki. Jina la mvunja mwiko halikuondoka. Kila alipoposa alikataliwa, na mwisho naye akaanza kuamini kwamba pengine alikosea mahali bila kujua, na kwamba wale wanaume aliwaua yeye.

Matimbwa alipokufa, mama akamfuata Polikarpo misheni. Aliitikia shikamoo ya mwanawe, akakaa, akavitazama vile vinundu.

"Mjomba wako naye alivimba hivihivi ujanani, alipokuwa anakimbia na kurefuka. Nilimkanda mimi mpaka akapona."

Polikarpo akavifunika vile vinundu kwa viganja.

"Kwa hiyo alijua?"

"Alijua."

"Na wewe, mama, ulijua ukanyamaza?"

"Watu walitaka damu, mwanangu. Wewe ulikuwa mtoto, walikurushia mawe tu. Yeye wangemuua. Ni ndugu yangu, tumetoka tumbo moja."

"Na mimi, mama, nilitoka tumbo la nani?"