Kitabu cha Arobaini cha Nyambizi Timingila

“Kata, shangazi. Vidole viwili tu. Nani atasoma pambizo la chini?”

“Mimi nimesoma. Kamkate kwanza fundi wako, aliyepima kabati kwa daftari la ofisini.”

Ni saa tatu asubuhi. Mbele ya Bi Pydithalli ipo mashine ya kukatia karatasi, na kando yake gundi ya unga wa ngano inapoa sufuriani. Mikono yake miwili imelala juu ya kitabu. Sannibabu, msimamizi wa makumbusho haya madogo ya ufukweni Visakhapatnam, anatazama saa. Wageni wa ufunguzi wanafika saa saba, na vitabu haviingii kabatini.

Nje, nyambizi Timingila imekalishwa mchangani. Ilitumikia jeshi la majini miaka ishirini na tisa, na maisha yake yote yamo katika vitabu sitini na vitatu: kina, mwelekeo, hali ya betri, saa baada ya saa, kwa mkono wa aliyekuwa zamu. Kwa miezi mitano Pydithalli, mwenye miaka 58, amevishona upya kwa rupia mia nne na hamsini kwa siku.

Kitabu cha arobaini kilimsimamisha. Mwandiko ni wa Pentayya, mumewe, mshika usukani, aliyefariki miaka kumi na mmoja iliyopita.

“Alikaa chini ya maji siku thelathini na nane, nikamzaa Ratnam peke yangu,” anasema. “Aliporudi akauliza kama kuna chai. Nilimnunia mwaka mzima. Ratnam naye amekua akisema baba yake alioa chuma.”

Chini ya ukurasa, nje ya mistari, Pentayya aliandika: “Kama amezaliwa, leo ana siku tatu. Sijui nimwite nani.”

Kitabu cha chombo cha jeshi hakipokei mambo ya nyumbani. Lakini pia hakifutwi: kosa hupigwa mstari mmoja, libaki likisomeka, na mwenye kosa hutia sahihi. Pentayya alipiga mstari, akatia sahihi.

“Natamani nimwambie nimesoma,” anasema Pydithalli. “Ile chai ningemtilia sukari.”

Sannibabu anapunguza sauti. “Nikutolee nakala basi, chenyewe tukikate.”

“Nakala ya nini? Alikandamiza kalamu mpaka upande wa pili. Nikipitisha kidole nausikia mkono wake.”

“Kabati halirefuki, shangazi.”

“Rafu inatoka. Lete bisibisi.”

“Imeshapakwa rangi.”

“Itapakwa tena.”

Anapanda kigodani na kufungua skrubu nne. Sannibabu, bila kuambiwa, anaupokea ubao. Vitabu vinaingia vizima, na cha arobaini kinawekwa juu ya meza ya kioo, kikiwa wazi. Kisha Pydithalli anatoa simu na kumpigia bintiye aliye mji wa Vizianagaram.

“Ratnam, panda basi sasa hivi. Usiniulize. Baba yako alikuandikia.”