Goti, Hesabu na Kumbikumbi

Asubuhi hiyo niliamka Kitale nikitarajiwa kupanga nyanya sokoni. Jua lilipochomoza nilikuwa juu ya lori, nimekalia magunia ya mahindi, naimba, sijui niendako. Tulipofika Kanduyi dereva alichoshwa na nyimbo zangu, akanishusha na mfuko wangu.

Nikaulizia chumba cha kupanga, nikaelekezwa kwa mama mmoja mshonaji. Nilimkuta mlangoni akimhoji mwanawe, aliyekuja kula chakula cha mchana akakataa kurudi shule.

"Wapi panauma?"

"Kichwa. Na tumbo. Na goti."

"Goti tena! Na leo mchana ni hesabu, si ndiyo?"

Mtoto akafumba macho.

"Dada, chumba kingoje," mama akaniambia. "Akibaki bure, mwalimu atamchapa. Akienda mgonjwa, ataanguka njiani. Lakini huyu nina kipimo chake."

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Akanipa vijiti viwili, tukachuchumaa kando ya kichuguu nyuma ya jikoni, tukapiga gogo lililolazwa juu yake taratibu kama matone ya mvua. Kumbikumbi wakaanza kumiminika.

"Wametoka!" mama akapaza sauti, kisha akaninong'oneza: "Mtoto wa hapa akisikia hivyo asiamke, huyo ni wa hospitali."

Mlango ukapigwa kishindo. Mgonjwa huyo hapo, na karai mkononi! Nilicheka hadi nikakaa kwenye matope.

"Ati goti!" mama akasema. "Vaa viatu, bana, hesabu inakungoja!"

Kisha akamtazama vizuri. Mtoto alikuwa amejaza kumbikumbi kiganjani, mabawa yanapepea, lakini hakutia hata mmoja mdomoni. Mama akamgusa shingo.

"Anawaka. Rudi ulale, baba." Akanigeukia. "Dada, unaweza kuongea na walimu?"

Mimi, niliyeikimbia shule darasa la sita! "Sana," nikasema, nikashika njia mbio, nywele zangu zimejaa mabawa.

Shuleni, mwalimu wake alinitazama kwa shaka. "Huyo tunamjua. Mmejuaje kama anaumwa kweli?"

"Amekataa kumbikumbi."

Akaweka chaki chini. "Wabichi?"

"Wabichi. Wako mkononi mwake."

"Basi asije hata kesho. Mwambie mama yake ampeleke kliniki." Akachungulia dirishani. "Na wametokea kichuguu kipi?"

Niliporudi, mama alikuwa amembeba mgonjwa mgongoni, tayari kwa kliniki. Mfuko wangu haukuwa tena mlangoni nilipouacha. Ulikuwa ndani ya chumba, juu ya kitanda, na kando yake sahani ya kumbikumbi wa kukaangwa, imefunikwa.