Pembe za Mabamba Sitini na Manne

Karakana nzima ilimwita Injinia, naye kwa akili zake alidhani ni heshima. Stashahada aliiacha njiani, muhula wa tatu, yeye na hesabu walipoachana bila kuagana. Kazi hii ya kuchora kwenye kompyuta alitafutiwa na shangazi yake, mchomeleaji mkuu wa hapo, aliyemwambia bosi kwa kinywa chake, "Huyu namdhamini mimi." Miezi mitatu ya majaribio ilikuwa inaisha Ijumaa. Akifaulu, anaajiriwa. Akiharibu, anamwaga unga, na shangazi hana pa kuuweka uso.

Kazi ya mwisho aliiona ndogo mno kwa mtu wa hadhi yake. Boriti za chuma za paa la ghala zilihitaji mabamba ya kuzikaza, kila bamba likae ndani ya ubavu wa boriti kama rafu ndani ya kabati. Programu ikamuuliza: pembe za bamba zikatwe vipi? Mshazari, mraba au mviringo? Kiasi gani? Jibu lingekuwa kipimo cha kawaida cha mabamba yote.

Injinia akaitazama boriti kwenye kioo cha kompyuta. Kona zake za ndani zilikuwa kali kama za kitabu. Sasa pembe za bamba zikatwe za nini? Akaandika mshazari, milimita tatu, kwa urembo tu, akatuma mashine ikate. Kisha akaegemea kiti, mikono kisogoni, kama anayesubiri kupigwa picha.

Jumatano asubuhi shangazi akampigia simu kutoka chini.

"Baba, hebu shuka mara moja."

Alimkuta kasimama na bamba mkononi. "Haya, liingize."

Likakwama. Akalisukuma kwa kiganja, kwa goti, kisha kwa heshima yote aliyobakiwa nayo. Wapi!

"Hii boriti imekosewa," akatangaza.

Wachomeleaji wawili wakageukia ukutani ili wacheke kwa nafasi.

"Tia kidole kwenye kona," shangazi akasema.

Akatia. Kona haikuwa kali hata kidogo. Chuma kilikuwa kimejaa mle ndani, kimeviringa.

"Mbona kwenye kompyuta..." Hapo akakumbuka. Kompyuta ilikuwa nzito, na wiki ya kwanza yeye mwenyewe aliuzima mviringo ule usionekane, ili ikimbie. Akasahau.

"Kwani miezi mitatu yote hujawahi kushika boriti?"

Hajawahi. Alizichora kwa mamia, akazipita kwa mbali asichafue shati.

Akasogea karibu. "Shangazi, tuseme mashine ndiyo imekata vibaya?"

Shangazi akaivua barakoa yake ya kuchomelea. "Mashine imekata ulichoandika. Nilikudhamini wewe, sikuudhamini uongo wako. Vua hilo shati, shika grinda usage pembe."

Kila bamba lina pembe mbili za kuingia ndani, na mabamba ni sitini na manne. Hesabu hiyo, ajabu, ilimwingia vizuri sana. Shangazi alimchorea kwa chaki: mviringo wa kula ndani, milimita ishirini, ukwepe ule unene wa kona na uachie moto wa kuchomelea nafasi ya kupita. "Na usinikatie mraba. Nyufa huanzia kwenye kona kali." Kufikia Ijumaa alikuwa amefika bamba la mwisho.

Bosi akaja, akamkuta mweusi tii kwa vumbi la chuma.

"Nani aliharibu hizi?"

Shangazi alimtazama mpwa wake tu.

Injinia akaweka grinda chini. "Mimi. Nilichora kitu nisichowahi kukishika."

Bosi akachukua bamba, akalisukuma kwa vidole viwili. Likaingia lote. "Jumatatu uje," akasema. "Asubuhi unashinda huku chini na shangazi yako, mchana ndipo upande kwenye kompyuta. Na mkato huu uingie kwenye programu, utumike na wote. Tuupe jina gani?"

Shangazi akavua glavu, akapanda ngazi hadi ofisini, na kwa kidole kimoja akaandika: INJINIA 20.

Mpaka leo jina hilo limo kwenye orodha. Wachoraji wapya wakimuuliza mpwa ni injinia gani huyo aliyepewa heshima kubwa namna hiyo, yeye hujibu haraka, "Marehemu," kisha anawapeleka chini wakashike boriti.